Majalada ya Sasquatch: Taarifa Elfu Tatu, Mashahidi Wangapi?

Ubishi ulianzia katika mesi ya masajini, na haukwisha hata taa zilipozimwa. Sajini mmoja wa kikosi cha mawasiliano alikuwa ametazama filamu ile fupi iliyopigwa tarehe 20 Oktoba 1967 huko Bluff Creek, kaskazini mwa California, ambamo kiumbe mwenye manyoya meusi anatembea kwa miguu miwili kando ya kijito, anageuza kichwa kumtazama mpiga picha, kisha anatokomea msituni. Asubuhi yake akatujia ofisini na swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. "Afande," akasema, "watu zaidi ya elfu tatu wa Marekani na Kanada wameandikisha taarifa za mnyama huyo. Polisi wenzetu humfikisha mtu mahakamani kwa mashahidi wawili tu. Mbona hao elfu tatu hawasadikiwi?"

Swali la Sajini si la mchezo. Kazi ya askari wa doria, na kadhalika ya polisi wa zamu, ni kupokea maneno ya watu na kuamua yapi yafaa kufanyiwa kazi. Akikosea upande mmoja, huwapeleka wenziwe mtegoni. Akikosea upande wa pili, hulala usingizi adui akipita. Kwa hiyo tulitumia majuma kadhaa kusoma habari za Sasquatch, si kwa nia ya kumsaka mnyama, bali kwa nia ya kuyakagua majalada yake kama mkaguzi akaguavyo kitabu cha matukio kituoni.

Kwanza msomaji amjue anayezungumzwa. Sasquatch, kwa maelezo ya wanaodai kumwona, ni kiumbe mfano wa mtu, mwenye kimo kupita mita mbili, mwili mzima umefunikwa na manyoya, naye huishi katika misitu mikubwa ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini, toka kaskazini mwa California kupitia Oregon na Washington hadi jimbo la British Columbia katika Kanada. Jina lake limetoka katika lugha ya Halkomelem ya wenyeji wa British Columbia. Mwalimu mmoja aliyefundisha miongoni mwao, J. W. Burns, ndiye aliyelitangaza kwa wasomaji wa Kiingereza katika gazeti la Maclean's mwezi Aprili 1929. Toka siku hiyo hadi leo hakujapatikana mzoga, wala fuvu, wala jino moja lililothibitishwa. Basi Sasquatch mzima yu ndani ya makaratasi. Tukitaka kujua kama yupo, hatuna budi kuuliza makaratasi hayo yaliandikwa na nani, lini, na kwa njia gani.

JALADA LA MWANDISHI WA HABARI

Mkusanyo mashuhuri zaidi wa zamani ni ule wa marehemu John Green, aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki mwaka 2016. Green alikuwa mwandishi wa habari mwenye elimu ya chuo kikuu, na mwenye gazeti dogo katika mji wa Agassiz, British Columbia. Hakuwa mtu wa kuamini kila kitu. Hapo mwanzo habari za majitu ya msituni alizichekea kama wenzake walivyozichekea.

Mwaka 1957 kijiji jirani cha Harrison Hot Springs, ambacho ni mahali pa watalii, kilipendekeza kwamba sherehe za miaka mia ya British Columbia ziadhimishwe kwa msako wa Sasquatch. Magazeti yakalichukua jambo hilo na kulisambaza mbali. Hapo ndipo mashahidi walipoanza kujitokeza. Mmoja, Albert Ostman, alieleza kwamba mwaka 1924 alichukuliwa na Sasquatch akiwa ndani ya mfuko wake wa kulalia, akakaa siku kadhaa na familia yao. Mwingine, William Roe, alieleza kwamba mwezi Oktoba 1955 alimwona jike karibu sana katika mlima wa Mica. Wote wawili walitoa hati za kiapo, na Ostman alihojiwa na hakimu.

Hapa twaona uzuri na ubovu wa jalada hili kwa mara moja. Uzuri ni kwamba mkono mmoja ndio ulioandika kwa miaka mingi, na mkono huo ulijua kazi ya kuuliza nani, wapi na lini. Green aliwafuata mashahidi wengi nyumbani kwao, akawasikiliza uso kwa uso. Alihifadhi tarehe na mahali. Kufikia mwisho wa kazi yake, mkusanyo wake ulikuwa na taarifa zaidi ya 3,000 za kuonekana kwa mnyama na za nyayo.

Ubovu ni kwamba Ostman alinyamaza miaka 33, akasema baada ya magazeti kutangaza msako. Hatusemi kwamba alidanganya. Twasema kwamba polisi yeyote akiletewa shahidi wa namna hiyo ataandika pembeni mwa karatasi muda uliopita kati ya tukio na maelezo, na ataandika vilevile kwamba shahidi alikwisha kusikia habari hizo kwa wengine. Hati ya kiapo haiponyi kasoro hiyo. Kiapo huthibitisha kwamba mtu asimama na maneno yake, hakithibitishi kwamba macho yake yaliona sawasawa, wala kwamba kumbukumbu haikukuza jambo kwa kulisimulia. Tena si kila kilichomo katika mkusanyo wa Green kilitoka kwa shahidi aliyehojiwa. Vimo vipande vya magazeti ya zamani na barua za watu waliomwandikia baada ya kusoma vitabu vyake. Anayehesabu 3,000 huvihesabu vyote pamoja.

VIATU VYA MBAO

Mwezi Agosti 1958, dereva wa tingatinga aitwaye Jerry Crew alikuta nyayo kubwa zimezunguka mashine yake mahali walipokuwa wakichonga barabara huko Bluff Creek. Akamimina plasta katika unyayo mmoja, akaupeleka mjini, na gazeti la Humboldt Times likachapisha picha yake. Urefu wake ulikuwa inchi 16, yaani kama sentimita 40. Kutoka hapo jina "Bigfoot", maana yake mguu mkubwa, likaenea Marekani nzima. Green mwenyewe alisafiri hadi huko kuziona nyayo, naye aliondoka amesadiki.

Kazi hiyo ya barabara ilikuwa ya mkandarasi Ray Wallace. Wallace alifariki mwezi Novemba 2002, na mara baada ya kifo chake jamaa zake wakawatolea waandishi wa habari jozi ya nyayo zilizochongwa kwa mbao, zenye urefu wa inchi 16, wakasema kwamba marehemu alikuwa akizivaa kwa mzaha toka mwaka 1958. Watetezi wa Sasquatch wakapinga, wakisema kwamba mbao hizo hazilingani na nyayo zote za Bluff Creek. Huenda hazilingani na zote. Lakini mkaguzi wa majalada haulizi kama Wallace alifanya zote; yeye huuliza ni ngapi alizifanya, zimeingizwa katika ukurasa gani, na nani atazichambua zitoke. Swali hilo hakuna aliyelijibu mpaka leo.

Nalo lina uzito, kwa sababu wasomi walikwisha kujenga juu ya nyayo hizo. Katika mkutano uliofanyika mwaka 1978 kwenye Chuo Kikuu cha British Columbia, mtaalamu wa mifupa George Gill alichukua vipimo kutoka mkusanyo wa Green, akaona kwamba nyayo na vimo huongezeka kadiri mtu aelekeavyo kaskazini, kama ilivyo kwa wanyama wengi wenye damu moto. Baadaye, mwaka 1998, Henner Fahrenbach alichapisha hesabu ya nyayo 706, nyingi zikiwa zimetoka kwa Green. Wastani ulikuwa inchi 15.6, na nyingi zilikusanyika karibu na wastani huo, chache zikiwa ndogo sana au kubwa sana. Akahoji: walaghai waliotawanyika katika bara zima wangewezaje, bila kupatana, kutoa mpangilio mzuri kama huo?

Hoja yavutia, lakini nyayo za mbao za Wallace zina inchi 16. Zimekaa katikati kabisa ya mpangilio, mahali ambapo hakuna awezaye kuzitofautisha na nyinginezo. Tena picha ya unyayo wa inchi 16 ilichapishwa katika magazeti ya nchi nzima mwaka 1958, na yeyote aliyetaka kuchonga wake baada ya hapo alikwisha kupewa kipimo. Walaghai hawakuhitaji kupatana, gazeti liliwapatanisha.

JALADA LA KOMPYUTA

Mkusanyo mkubwa wa pili ni ule wa chama kiitwacho Bigfoot Field Researchers Organization, au BFRO kwa kifupi, kilichoanzishwa mwaka 1995 na Matt Moneymaker. Hapa hakuna mhariri mmoja mwenye gari na daftari. Shahidi mwenyewe hujaza fomu kwa njia ya intaneti, kisha mjumbe wa chama humpigia simu au humtembelea, na taarifa ikikubaliwa hutangazwa pamoja na maoni ya mjumbe huyo. Mwaka 2013 mchora ramani mmoja wa chuo kikuu cha Pennsylvania alizipanga katika ramani taarifa 3,313 za chama hiki. Ya kwanza kabisa ilihusu mwaka 1921.

Msomaji atazame tena tarehe hizo. Chama ni cha mwaka 1995, tukio ni la mwaka 1921. Kwa hiyo kila kilichomo humo kabla ya 1995 ni ama kumbukumbu ya mtu aliyesubiri miaka, ama nakala ya maandishi ya wengine.

Hata hivyo chama hiki kimefanya jambo ambalo mikusanyo ya zamani haikulifanya kwa utaratibu: kimezipanga taarifa kwa madaraja. Daraja A ni kuonekana waziwazi, katika hali ambapo ni vigumu kumdhania mnyama mwingine. Daraja B ni kuonekana kwa mbali au katika mwanga hafifu, pamoja na sauti zilizosikiwa tu. Daraja C ni habari za kuambiwa na wengine, ambazo kwa kawaida hazitangazwi, isipokuwa zile zilizoandikwa kabla ya 1958, jina la Bigfoot lilipokuwa bado halijaenea, na zile zilizotokea katika magazeti yenye heshima. Kuwekwa kwa mpaka huo wa 1958 ni jambo la busara, na twawasifu kwalo. Ni kana kwamba chama chenyewe chakiri kwamba toka mwaka ule kisima kilitiwa tope.

Lakini maafisa wenzetu wa upelelezi wa kijeshi wataona mara moja kasoro iliyomo. Majeshi mengi hutumia alama mbili kwa kila habari: herufi A hadi F kwa uaminifu wa chanzo, na tarakimu 1 hadi 6 kwa uzito wa habari yenyewe. Alama hizo hutengwa kwa makusudi, kwa maana mtu mwaminifu aweza kuleta uvumi, na mwongo mzoefu aweza siku moja kuleta kweli. Madaraja ya BFRO yana alama moja tu, nayo hupima kama mazingira yaliruhusu mtu mkweli kukosea. Hayapimi kama mtu ni mkweli. Aliyebuni kisa cha mnyama aliyesimama hatua kumi mbele yake saa sita mchana atapata A. Mzee mwaminifu aliyeona kivuli magharibi na kukiri kwamba hana hakika atapata B. Tena chama chenyewe hueleza kwamba nyayo zilizohifadhiwa vizuri huhesabiwa daraja A, kwa kuwa haziwezi kudhaniwa kuwa za mnyama wa kawaida. Kwa kanuni hiyo viatu vya mbao, vikikanyagwa vizuri katika matope, hustahili daraja la juu kabisa.

KUKUBALIANA KWA MAJALADA

Sasa twafika mahali ambapo Sajini wetu, na wengi pamoja naye, hupotea njia. Husema: jalada moja lina zaidi ya elfu tatu, la pili lina zaidi ya elfu tatu, nayo yote mawili yaeleza mnyama yule yule, mwenye kimo kile kile, katika misitu ile ile. Je, si uthibitisho?

Turuhusiwe kusimulia kisa chetu. Tulipokuwa kadeti, mkufunzi alitutoa usiku vikundi vitatu kuhesabu magari yatakayopita katika barabara moja ya vumbi toka jua kuchwa hadi alfajiri. Asubuhi vikundi viwili vilileta hesabu moja: magari 14, malori tisa kati yao. Kikundi chetu kilileta magari 11, na mbele ya moja tulikuwa tumeweka alama ya kuuliza, kwa kuwa taa zake zilizimwa kabla hayajatufikia macho yetu barabara. Tuliona haya mbele ya wenzetu. Mkufunzi hakusifu wala hakulaumu. Aliuliza tu makamanda wa vile vikundi viwili walikutana saa ngapi. Wakanyamaza. Ikabainika kwamba walikutana bombani kuchota maji kabla ya mapambazuko, na mmoja, ambaye vijana wake walikuwa wamesinzia, alinakili daftari la mwenziwe. Mkufunzi akazihesabu taarifa zile mbili kuwa moja, kisha akaishusha thamani hiyo moja kwa kuwa haikujulikana ni ya nani. Idadi halisi ilikuwa 12. Nasi tulikosa gari moja, lakini tulilikosa kwa macho yetu wenyewe.

Mikusanyo ya Sasquatch ilikutana bombani zamani. Habari za kabla ya 1958 ambazo BFRO huzikubali ni zile zilizochapishwa, na katika maandishi hayo hayo ndimo Green alimochota. Kisa cha Ostman, cha Roe, cha Crew na ile filamu ya 1967 hurudiwa katika karibu kila kitabu cha mambo haya. Vitabu vya Green vyenyewe viliuzwa kwa miaka mingi, na mmoja wao wa mwaka 1978 ni mnene wa kumtosha msomaji msimu mzima wa baridi. Aliyekua akivisoma, kisha akaona kitu cheusi kimesimama kati ya miti, alijua tayari kimo chake, harufu yake na mwendo wake. Baadaye vikaja vipindi vya televisheni, ambavyo mwanzilishi wa chama mwenyewe alivitokea toka mwaka 2011 hadi 2018. Kwa hiyo kufanana kwa maelezo, ambako watetezi hukuita nguvu, sisi twakuita jambo la kuchunguzwa. Katika kituo cha polisi, mashahidi watano wakitoa maneno yale yale, mpelelezi hodari huuliza nani aliwapa chai.

Jinsi ya kulinganisha mikusanyo miwili kwa haki twaweza kujifunza hapa karibu, katika milima ya Virunga inayogawanywa na Uganda, Rwanda na Kongo. Katika sensa ya sokwe wa milimani ya miaka 2015 na 2016, vikosi vya wafuatiliaji vilipita msituni mara mbili, katika vipindi viwili mbalimbali, vikikusanya kinyesi kutoka viota vya usiku. Maabara ikatambua kila mnyama kwa chembe za urithi. Wale waliopatikana mara ya kwanza wakakosekana ya pili, na wale waliokosekana ya kwanza wakapatikana ya pili, ndio waliowaonyesha wataalamu ni wangapi walioelekea kukosekana mara zote mbili. Virunga ikapata sokwe 604, sensa ya Bwindi na Sarambwe ya mwaka 2018 ikapata 459, jumla 1,063. Majalada mawili yalisaidiana kwa sababu kila moja lilikuwa na kitu kinachoweza kugongwa muhuri: mnyama huyu ni huyu. Katika majalada ya Sasquatch hakuna awezaye kusema kama taarifa mia za jimbo la Washington ni za wanyama mia, au za mmoja, au za dubu.

Dubu twamtaja kwa sababu. Mwaka 2009 Jeffrey Lozier na wenzake wawili walichukua taarifa za BFRO kutoka Washington, Oregon na California, zaidi ya 500, wakazitia katika programu ya kompyuta inayotumika kukisia makazi ya wanyama. Ramani iliyotoka ilikuwa nzuri kabisa, na ilipowekwa juu ya ramani ya dubu mweusi, zikalingana mno. Kusudi lao hasa lilikuwa kuwaonya wanasayansi wenzao kwamba kompyuta hutoa ramani safi hata ukiilisha taarifa mbovu. Onyo ambalo makao makuu yetu ya siku hizi, yenye kupenda ramani za rangi, yangefanya vyema kulibandika ukutani. Mwaka 2024 mtafiti Floe Foxon naye alichapisha hesabu ya majimbo ya Marekani na Kanada, akizingatia wingi wa watu na ukubwa wa misitu, akaona kwamba kila dubu 1,000 wanapoongezeka, taarifa za Sasquatch huongezeka kwa wastani wa asilimia 4. Dubu mweusi husimama kwa miguu ya nyuma anapotaka kunusa au kutazama mbali. Tena wapo wa rangi ya kahawia, na mguu wake wa nyuma ukikanyaga penye alama ya mguu wa mbele huacha unyayo mrefu kama wa mtu.

Si taarifa zote zinaelezwa na dubu. Lakini jalada linalopanda na kushuka pamoja na idadi ya mnyama mwingine linatuambia habari za mnyama huyo mwingine.

NYWELE ZA MWAKA 1976

Kisa cha tatu chawahusu moja kwa moja jeshi na polisi. Mwaka 1975 kikosi cha wahandisi wa Jeshi la Marekani kilichapisha kitabu cha ramani za mazingira ya jimbo la Washington, na humo, kati ya samaki na ndege, kikamwingiza Sasquatch. Kiliandika kwamba nywele zinazodaiwa kuwa zake zilipimwa na maabara ya FBI, zikaonekana hazilingani na za mtu wala za mnyama yeyote ajulikanaye.

Peter Byrne, mwindaji wa zamani kutoka Ireland aliyefariki mwaka 2023, wakati huo alikuwa akiendesha kituo cha habari za Bigfoot huko Oregon. Mwaka 1976 aliiandikia FBI kuuliza habari hizo. Jibu lilikuja: katika majalada yao hawakuona kumbukumbu yoyote ya upimaji huo. Basi kitabu cha jeshi kilikuwa kimenukuu taarifa ya polisi ambayo polisi wenyewe hawakuwa nayo! Byrne hakukata tamaa. Akawapelekea nywele 15 zilizoshikamana na kipande kidogo cha ngozi, akaomba zipimwe. Mwezi Februari 1977 jibu lilikuwa tayari: ni za mnyama wa jamii ya kulungu. Jalada hilo lilifunguliwa kwa umma mwaka 2019.

Sisi twampa Byrne heshima kuliko wenziwe wote kwa tendo hilo, kwa maana alipeleka kitu mahali ambapo kingeweza kumshinda. Mwaka 2014 Bryan Sykes wa Oxford alifanya hivyo kwa upana zaidi, akiomba nywele za viumbe wa namna hii kutoka pande mbalimbali za dunia. Thelathini zilitoa majibu. Zile za Marekani zilikuwa za dubu, farasi, ng'ombe, mbwa, nungunungu na wengine wa kawaida, na moja ilikuwa ya mtu.

Juu ya udanganyifu wenyewe hatutakawia. Mwaka 2008 watu wawili wa Georgia walitangaza kwamba wana mzoga wa Bigfoot ndani ya friza. Barafu ilipoyeyuka likatokea vazi la mpira. Mmoja wao alikuwa askari polisi, na alifukuzwa kazi. Mwaka 2012 huko Montana mtu mmoja alivaa vazi la kujificha la kijeshi, lile la majani na nyuzi watumialo wadunguaji wetu, akasimama usiku kando ya barabara kuu ili wapitao wadhani wameona Sasquatch. Aligongwa na magari mawili akafa. Kama madereva wangepita salama, yaelekea siku chache baadaye zingeongezeka taarifa mbili za daraja A au B, zenye mashahidi wakweli, wasiojuana.

Watetezi wana jibu moja ambalo hatuwezi kulipita. Husema kwamba hata sokwe wa milimani hakuaminiwa hadi afisa wa jeshi, Kapteni Robert von Beringe wa Wajerumani, alipompiga risasi katika mlima Sabinyo tarehe 17 Oktoba 1902. Ni kweli kwamba alimpiga. Lakini von Beringe hakuwa na majalada. Alikuwa safarini kwa kazi nyingine, akapanda mlima, akawaona, akapiga wawili, mzoga mmoja ukapatikana na kupelekwa Berlin, na mwaka uliofuata ukapewa jina la kisayansi. Wakazi wa miteremko ile walimjua sokwe vizazi na vizazi. Aliyekuwa hajui ni mgeni. Katika misitu ya Sasquatch hali ni kinyume. Huko wageni wamejaa na bunduki, na dubu weusi huwindwa kihalali kwa maelfu kila mwaka, na malori ya magogo hupita usiku na mchana. Wilaya ya Skamania katika jimbo la Washington ilitunga sheria mwaka 1969 ya kumtoza yeyote atakayemuua Sasquatch dola 10,000 na kifungo cha miaka mitano, kisha ikairekebisha mwaka 1984 na kupunguza adhabu.

Sajini alirudi juma lililopita kutaka jibu lake. Tulimwambia kwamba kama tungeamriwa kuchagua jalada moja la kuanzia kazi, tungechukua la Green, si kwa kuwa ni kubwa, bali kwa kuwa twajua lini aliandika na nani alimhoji. Tungetoa nyayo zote za baada ya Agosti 1958. Tungetoa vipande vya magazeti ambavyo hakumpata shahidi wake. Tungetoa barua za waliokwisha kusoma vitabu vyake. Na Ostman tungemweka kando, na juu ya bahasha yake tungeandika miaka 33.

"Zitabaki ngapi, Afande?" akauliza. Tukamjibu kwamba kazi hiyo haijafanywa na mtu, na kwamba yeye ana likizo mwezi ujao.